Masikio ya Malkia

Rael mwenzangu,

Najua ungeniuliza kwanza kama nimenawa mikono. Nimenawa, tena kwa sabuni, mpaka viwikoni. Nimeketi hapa kwako, nje ya jikoni, kwenye kile kigoda ulichokuwa unanikataza kukalia eti mimi ni mzito nitakivunja. Nimekikalia tangu mwezi wa tatu na bado ni kizima, kwa hivyo hilo nalo ulinionea.

Nina habari, na ni nzuri, nzuri mno, hata nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Ningekuambia mara moja yakaisha. Lakini nimeamua kukutesa kidogo kama ulivyokuwa ukinitesa mimi, wewe uliyekuwa huwezi kusimulia harusi bila kueleza kwanza mvua ilianza kunyesha wiki gani. Basi tulia. Naanzia pale ulipotuacha.

Ulituacha Februari, katika kile kiangazi kibaya, na hata hukuwa mgonjwa. Ulikamua asubuhi, ukapeleka maziwa barabarani kwa yule wa pikipiki, ukarudi ukisema kichwa kinakugonga, ukalala kidogo. Basi. Mimi nilikuwa nimekuja kukuomba majani chai, nikakukuta umeshaondoka. Mpaka leo sijakusamehe kuondoka kimya kimya hivyo, wewe mtu wa kelele. Nililia mpaka watu wa matanga wakaniuliza kama wewe na mimi ni ndugu. Nikawaambia ndiyo. Mimi Mkikuyu na yeye Mkalenjin, ndiyo, ndugu, kwani kuna shida? Hawakuuliza tena.

Tulikuzika hapa bomani kwako, chini kidogo ya zizi, mahali ng'ombe wako Malkia anaweza kukuona akiinua kichwa. Na ni huyo Malkia wako aliyeleta kesi.

Ulimwacha na mimba ya miezi minne, unakumbuka. Wiki moja baada ya mazishi Chebet wako akaniita, akaniambia anarudi Karagita, kazi ya shamba la maua haimngojei mtu, hana wa kumwachia ng'ombe, na amepata mnunuzi hapo Gilgil. Aliyasema hayo akiangalia chini. Mimi nimemjua binti yako tangu alipokuwa anatembea na soksi moja, na nilijua moyo wake haukuwa kwa mnunuzi hata kidogo, lakini afanyeje? Nikajisikia nasema, "Niachie mimi nimtunze." Maneno yalitoka kabla sijayapima.

Chebet akanitazama. Unajua kwa nini alinitazama, na kijiji kizima kinajua. Mimi ndiye Nyambura, Mama Kamau, niliyezika ndama watatu mfululizo, wote kwa sababu ya kupe. Akaniuliza kwa adabu, maana ulimlea vizuri, "Lakini Mama Kamau, wale wako je?" Woi! Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mwishowe akakubali, ila akaniwekea sharti. Ndama akizaliwa na Disemba ikamkuta hai, Malkia hauzwi, atabaki hapa hapa na mimi nitakuwa mtunzaji wake. Ndama akifa kama wale wangu, mama yake anakwenda kwa mnunuzi na boma lako linafungwa kufuli. Yaani ng'ombe uliyemlea kwa chupa, na mlango huu ambao nimeuingia bila kubisha miaka yote hii. Ndiyo sababu mwaka huu nilikuwa sili vizuri, kama umeona nimepungua.

Kabla sijaendelea, wacha nikukumbushe ulivyokuwa, kwa sababu siku hizi wanakusifu kanisani mpaka sikutambui. Eti ulikuwa mpole! Wewe! Ulikuwa ukifika kwa mtu humsalimii mtu. Unapita moja kwa moja hadi zizini, unaingiza mkono ndani ya sikio la ng'ombe, unapapasa, unashuka chini ya shavu, kisha chini ya mkia, kisha kwenye kiwele, na ndipo unakuja mlangoni, kiganja wazi. "Nyambura, hujambo? Hawa wageni wako wanalala hapa?" Unawaweka kwenye meza yangu, kando ya chai yangu, kupe walionona kama mbegu za mbarika! Wanawake wa huku walikuwa wakikuona kwenye kona wanaacha ugali motoni, mbio zizini, kuwabandua kabla hujafika. Mimi nilikuwa namtuma mume wangu akucheleweshe langoni kwa maneno ya siasa. Hukuwahi kujua hilo. Sasa unajua.

Na ile vita yetu ya kifuniko cha soda. Nilikuwa napima dawa ya kupe kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja kwa pampu nzima ya maji, kama alivyonifundisha mama mkwe wangu, na kama wanavyofanya nusu ya watu wa huku ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Kile kikombe kidogo chenye mistari kinachokuja na chupa nilikuwa nakitupa. Halafu nanyunyiza mgongo tu, kwa sababu mgongo ndio unaoonekana. Ng'ombe anang'aa, anadondoka maji, mimi najiona mfugaji hodari, kumbe kupe wamekaa zao ndani ya masikio, hata hawajalowa. Siku uliyonikuta ulishika kiuno. "Nyambura, unawaogesha kupe!" Kisha ukasema dawa hafifu haiui kupe, inamsomesha, na kupe akishasoma, hata ukimletea ile yenye nguvu atakucheka. Nilinuna wiki mbili. Nilipita kwako nikitazama upande wa pili wa barabara kana kwamba kuna kitu kipya huko.

Kuna jambo sijawahi kulisema kwa sauti, na ninaliandika leo kwa sababu nina furaha ya kutosha kuweza kulibeba. Ile chanjo. Miaka miwili iliyopita ulizunguka kijiji chote kutuambia kuna chanjo ya ndigana, hii homa ya kupe tunayoiita Isti Kosti, ndama anadungwa mara moja tu maishani. Shida yake ni moja: inakaa kwenye mtungi wa baridi kali, na daktari akishaifungua lazima iishe siku hiyo hiyo, kwa hivyo hafungui kwa ndama wawili watatu. Lazima watu wakusanyike. Kila mtu alikuambia atakuja. Siku ya kwanza walikuja ndama watano. Ukajaribu tena, wakaja ndama watatu na mbuzi. Mbuzi, Rael! Daktari akafunga mtungi wake kwenye pikipiki akaondoka, nawe ukabaki umesimama na sufuria la chai ya watu ambao hawakuja.

Mimi nami sikuja. Nilikuwa napalilia viazi. Viazi, ambavyo vingeningoja mpaka kesho yake bila kulalamika. Na ndama wangu wa tatu, yule mwekundu, ambaye angedungwa siku hiyo, alikufa baada ya miezi miwili, tezi zimevimba, macho yanatiririka, anapumua mbio mbio kichwa kikiwa mapajani mwangu. Ulikuja siku hiyo. Siku hiyo peke yake hukupapasa sikio la ng'ombe. Ulikuja kwangu moja kwa moja, ukakaa chini kwenye samadi na nguo yako nzuri, hukusema hata "nilikuambia." Ulisema tu, "Pole, Nyambura." Hapo ndipo nilipojua unanipenda kweli.

Sasa basi. Malkia akawa mikononi mwangu.

Alhamisi ya kwanza nilivaa miwani yako. Usikasirike, ilikuwa dirishani. Nikasoma maandishi ya chupa yote, mpaka yale madogo ya chini, nikapima kwa kikombe chenye mistari, nikavaa glavu, nikajaza pampu. Nikaanza kama ulivyokuwa ukifanya, kinyume na manyoya, mgongo, mbavu, tumbo, katikati ya mapaja, chini ya mkia. Mpaka hapo tukaelewana. Nilipofika kwenye masikio, ghai! Alitikisa kichwa mara moja, dawa yote ikaja kwenye kitambaa changu cha kichwa. Nikanawa, nikarudi. Akanivuta na kamba mpaka kwenye lango, mimi na pampu mgongoni, gambuti zinateleza, mume wangu kwenye ua anacheka mpaka anashika mti. Kumbe nilikuwa namwongelesha Kikuyu. Malkia wako hajui Kikuyu. Ilibidi nimpigie Chebet simu anifundishe maneno yako ya kumtuliza, na siku nilipoyasema, vibaya hivyo hivyo, akasimama tuli akanipa sikio. Nilifurahi nikasahau kunyunyiza.

Kila jioni baada ya kukamua ng'ombe wangu nilikuwa nakuja kwako kumpapasa. Mwanzoni ni kupe nilikuwa natafuta. Baadaye mkono wangu ulizoea, nikajua kila kitu kilichoko huko, mfupa uko wapi, ngozi inalegea wapi.

Sasa nakuja kwenye kosa. Usiinuke.

Ilikuwa mwisho wa Machi, mvua bado, majani yameisha kabisa. Unajua ule ukanda wa kijani kando ya ua wa shamba kubwa la wanyamapori, pale maji yanapotuama. Ulitukataza sote. "Ukiona mavi ya nyati, geuza ng'ombe," ulikuwa unasema, kwa sababu kupe aliyetoka kwa nyati analeta ndigana isiyo na huruma, inayoangusha ng'ombe mzima kwa siku chache. Mimi nilijua. Lakini nikamwangalia Malkia na tumbo lake, anatafuna mabua makavu, nikasema mchana mmoja tu, hata kupe hatakuwa na nafasi ya kuamka. Nikamfunga pale saa saba mpaka saa kumi. Alikula, Rael, alikula kwa raha mpaka nikajipongeza.

Wiki mbili baadaye, jioni, mkono wangu ukapita chini ya sikio la kushoto ukakuta kitu ambacho jana hakikuwepo. Hakikuwa kupe. Ni donge, kubwa kuliko haragwe, linateleza chini ya ngozi. Nikashika upande wa pili, hakuna. Nikarudi, lipo. Na Malkia amesimama hapo anacheua, anakula, macho makavu, mtu yeyote angesema ni mzima kabisa. Nami nilitaka sana kusema ni mzima kabisa. Nilisimama pale nikijiambia labda amegonga mahali, labda ni mwiba. Halafu nikamwona yule ndama mwekundu mapajani mwangu, nikatoa simu.

Daktari alifika jua halijazama. Akapima joto, akashika lile donge, akatikisa kichwa. Homa ilikuwa imeanza. Alisema dawa ya kumtibu ipo na inafanya kazi vizuri ikiwahi, na kwamba kama ningengoja mpaka akatae kula, yeye angekuja tu kunipa pole. Akamdunga shingoni, akarudi baada ya siku mbili akamdunga tena. Alipokuwa akifungasha vitu vyake aliniuliza nani alinifundisha kushika pale. Nikamwambia ni wewe. Akacheka, akasema, "Mama Chebet! Huyo alinifukuza hapa siku moja kwa sababu nilichelewa, na ng'ombe alikuwa wa jirani." Tukacheka wote wawili.

Siku nne nilimlisha Malkia kwa mkono. Nilimkatia majani ya mtama kule kwetu nikayabeba mgongoni, nikampa maji kwa sufuria. Siku ya tano alinisukuma na kichwa nusura nianguke, nikajua amepona. Donge likapungua mpaka likaisha.

Nilimwambia Chebet. Ningeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini nilimpigia nikamwambia ukweli wote, ukanda wa kijani, nyati, mchana mmoja tu, kila kitu. Nikasikia watu wa ploti yao, kule anakopanga, wakipita na ndoo. Halafu akasema, "Mama angekuchapa." Nikamwambia angenichapa kwa kamba ya Malkia. Tukaanza kucheka, mimi huku na yeye kule, tukacheka mpaka tukalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi.

Mvua ikaja. Yaani ilikuja ya kweli, mpaka ile njia ya kwako ikawa mto. Na Julai, Jumapili asubuhi, nimevaa nguo ya kanisa na viatu vyeupe, nikapita kwako kumtazama tu kabla ya ibada, nikakuta miguu miwili ya mbele imetoka. Kanisa sikufika. Nilivuta, nikaomba, nikaimba wimbo mmoja wa sifa, nikavuta tena. Ni jike, Rael. Mweusi, na baka jeupe kwenye paji la uso. Viatu havikurudi kuwa vyeupe na sijali. Nikampigia Chebet, nikaweka simu mdomoni mwa ndama, naye ananyamaza tu! Nikamwambia, lia basi, mama yako mkubwa anasikiliza. Hakuna. Nilipotaka kukata simu akapiga kelele moja kubwa mpaka Malkia akageuka. Huko Karagita nikasikia vigelegele. Kumbe Chebet alikuwa ameweka sauti ya juu, na wanawake wote waliokuwa wakifua nguo walikuwa wakisikiliza.

Ndama nikamwita Kelele, kwa heshima yako.

Lakini kuzaliwa si kazi. Hata wale wangu walizaliwa vizuri. Kila asubuhi nilikuwa naamka nikijiuliza kama leo ndio siku nitakuta masikio ya Kelele yamelala, na kila nikimkuta anarukaruka nashukuru, halafu naanza kuogopa kesho. Nikajua siwezi kukaa hivyo mpaka Disemba. Mwezi wa tisa nikamwambia daktari nataka ile chanjo. Akaniambia lile lile alilokuambia: nikusanye ndama wasiopungua ishirini, la sivyo hafungui mtungi.

Nikazunguka. Unajua mimi si mtu wa kuzunguka. Nilienda kila boma, na kila boma nikaambiwa, "Tutaona, Mama Kamau," au, "Mungu akijalia," na wewe na mimi tunajua maana ya hayo. Mzee Gathogo wa kule juu, yule mliyegombana naye kila mwaka, hakunikaribisha hata langoni. Alisema chanjo hiyo inafanya ndama wawe tasa, akaendelea kuchonga mpini wa jembe lake. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, sasa nimejua Rael alikuwa akirudi nyumbani na nini moyoni siku zile.

Siku ilikuwa Alhamisi iliyopita, hapa hapa kwako. Chebet aliomba ruhusa kazini akaja usiku wa kuamkia siku hiyo. Asubuhi nikamkuta amevaa gambuti zako na leso yako, nikashtuka nikamwaga maji. Tukapika chai sufuria kubwa, tukakaanga mandazi. Daktari akafika na mtungi wake. Saa tatu ndama walikuwa wanne, Kelele akiwemo. Saa nne walikuwa sita. Na mbuzi, Rael, yule yule mbuzi, mwenyewe anasema labda safari hii kuna ya mbuzi. Daktari akaangalia saa akasema, kwa upole, "Mama, saa tano naondoka." Chebet alikuwa anakoroga chai ambayo tayari ilikuwa na sukari. Nikaingia jikoni kwako nikashika meza, nikasema, Mungu wangu, usimfanyie Rael hivi mara ya tatu.

Nikasikia mtu anakohoa langoni. Mzee Gathogo. Ana ndama wawili kwa kamba, kofia yake ya manyoya kichwani kama anaenda barazani. Hakunisalimia. Alitazama kule ulikolala, akavua kofia. Akasema, "Huyu mama alinisumbua mpaka nikamchoka. Miezi yote hii, mpaka Mama Kamau alipokuja juzi, hakuna mtu amekuja kunisumbua. Nimegundua ni Rael peke yake alikuwa anajali kama ng'ombe wangu wameamka wazima."

Na nyuma yake, jamani, barabara imejaa! Kumbe alikuwa amepita boma moja moja akigonga lango kwa fimbo, akiwaambia toeni ndama, twendeni kwa Rael. Na nani atabishana na Gathogo? Wengine walikuja na kandambili, mmoja na brashi ya meno mdomoni. Ndama wanavuta huku na huku, wanakanyaga maua yako, utanisamehe, na mimi nimesimama mlangoni mwa jikoni nalia na kijiko mkononi. Walikuja, Rael. Walikuja ndama ishirini na sita. Chai haikutosha!

Kelele alikuwa wa kwanza. Daktari alimpima kifua kwa utepe ili ajue uzito wake, akamdunga karibu na sikio, kisha ile sindano nyingine ya dawa ya kwenda pamoja na chanjo. Mimi nimeshika kichwa, Chebet ameshika mkia, na Kelele anapiga kelele mpaka ndama wengine wote wakaitikia. Kisha akatobolewa sikio akavalishwa hereni ya njano yenye namba, alama ya kwamba amechanjwa. Anatembea nayo kwa madaha, ungedhani anaenda kuposwa.

Daktari alituambia tusilale. Chanjo ni ya ndigana hiyo tu; kupe ana magonjwa mengine mfukoni, kwa hivyo pampu haiwekwi chini. Nikaona watu wanatazamana. Nikawaambia Alhamisi ijayo nitapita kuangalia nani anapima kwa kifuniko cha soda.

Chebet alinawa mikono, akatoa simu, akasimama katikati ya watu wote na ndama wote akampigia yule mnunuzi wa Gilgil. "Ng'ombe hauzwi," akamwambia. Mnunuzi akasema sijui nini. "Hapana. Hata Disemba hauzwi." Akakata. Kisha akanigeukia akaniambia Krismasi atakuja nyumbani, si kumhesabu ndama, ni kuja nyumbani tu, na nimwekee mursik, yale maziwa yenu ya kugandisha, kwenye kibuyu chako kama najua kutengeneza. Sijui kutengeneza. Nitajua kufikia hapo.

Hiyo ndiyo habari, mwenzangu. Umeona kwa nini sikuweza kukaa nayo?

Nakukumbuka. Wakati mwingine nikifika kwako naita jina lako kabla sijakumbuka, halafu nasimama kwenye lango kama mjinga. Lakini hainiumi kama mwanzoni. Leo hata nilicheka.

Sasa wacha niinuke, jua linashuka na nimeambiwa kuna boma moja kule kwenye reli hawakuja Alhamisi. Wana ndama watatu, na mwenye nyumba amesema yeye hana haja na mambo ya Mama Kamau. Nimevaa gambuti. Hatanipenda, najua. Nitakwenda leo, na asipofungua nitakwenda kesho, na kesho kutwa, mpaka achoke nami kama walivyochoka nawe. Lala salama, Rael wangu. Kazi ya kusumbua watu nimeichukua.

Wako,
Nyambura